Ng'ombe aliyekaushwa ndiye aliyenipeleka uzamili

Vijana wanaomaliza shahada ya sayansi ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakisikia nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa fiziolojia ya wanyama Marekani, swali lao la kwanza ni GPA, wastani wa alama. Naelewa kwa nini. Tangu mtihani wa darasa la saba tumezoea kwamba alama ndizo zinazofungua mlango au kuufunga. Basi nijibu bila kuzunguka: nilimaliza na daraja la pili la juu, ile ngazi ya kati ya 3.5 na 4.3 kwa kipimo cha 5. Nawafahamu wenye daraja la kwanza walioomba vyuo vya aina hiyohiyo wakakosa, na ninavyoona mimi hawakuonewa. Waliomba kwa sababu walikuwa wanafunzi wazuri. Mimi niliomba nikiwa na swali moja kuhusu mnyama mmoja, ng'ombe aliyekaushwa, yaani aliyesimamishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, swali nililokuwa nimelala nalo na kuamka nalo kwa misimu kadhaa ya joto.

Swali hilo sikulipata darasani, nililipata Muheza.

Baada ya kuhitimu niliajiriwa kuwa afisa mifugo wa kata katika wilaya hiyo ya mkoa wa Tanga. Kwetu ni Kongwa, nimekulia kwenye ng'ombe wa asili, wale zebu wadogo wenye nundu wanaoshinda juani wakitafuta majani makavu na jioni wakarudi zizini wazima. Tanga mambo ni mengine kabisa. Mfugaji ana ng'ombe mmoja au wawili chotara wa Friesian, wako bandani, wanakatiwa mabingobingo na kuletewa, na maziwa ya asubuhi yanapelekwa kituo cha kukusanyia kwa baiskeli au bodaboda. Fedha ya maziwa hayo ndiyo ada ya mtoto na ndiyo dawa ya mzee. Na joto la kule si kama la Dodoma. Kongwa jua ni kali lakini hewa ni kavu, jasho linakauka na kuondoka na joto. Pwani hewa yenyewe imeshiba maji, jasho halina pa kwenda.

Wataalamu wana kipimo kinachounganisha joto na unyevunyevu kuwa namba moja. Kwa ng'ombe wa maziwa, shida huanza namba hiyo ikifika 72, na kwa wale wanaotoa maziwa mengi sana huanza mapema zaidi, kwenye 68. Siku ya nyuzi 30 yenye unyevunyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kwa watu wa pwani, namba hiyo inakaribia 83.

Mchana wa Februari nilikuwa nawakuta wanahema. Nilijifunza kusimama pembeni kidogo, nyuma ya mbavu, nikiutazama ubavu unavyopanda na kushuka, na kuhesabu kwa saa ya mkononi dakika nzima, si nusu dakika kisha kuzidisha. Ng'ombe aliyetulia kivulini asubuhi hupumua mara 30 hivi. Akivuka 60 ujue joto limemzidi. Hao niliowakuta wengine walivuka 80: mdomo umeachama, udenda unaning'inia hadi karibu na magoti, shingo imenyooka mbele, na amegoma kulala. Akisimama hewa inampita mwili mzima. Akilala, upande mzima wa mwili unagandamana na sakafu. Kipimajoto changu nilikifunga uzi wenye kibanio cha nguo, nikakibana kwenye manyoya ya mkia ili kisidondoke. Mnyama aliyekuwa na nyuzi 38.5 alfajiri, saa nane mchana alikuwa na 40.

Kwa Tanga, nyuzi 40 zinamfanya kila mtu afikirie ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, na mfugaji anataka sindano hapohapo. Kwa hiyo nilikuwa napapasa tezi chini ya sikio na begani, naangalia kope kwa ndani, kisha narudi kesho yake kabla jua halijachomoza kupima tena. Mwenye ndigana hashuki alfajiri. Mwenye joto tu anashuka. Kupima huku mara mbili, ambako kwanza nilikufanya ili watu wasipoteze fedha kwa dawa wasizozihitaji, ndiko kulikoniwekea rekodi kwenye daftari bila mimi kujua kwamba naanza utafiti.

Halafu nikaanza kumwona ng'ombe ambaye hakuna mtu aliyeniita kumwangalia: yule aliyekaushwa. Amebakiza miezi miwili hivi azae, amesimamishwa kukamuliwa ili apumzike. Banda ni dogo, kivuli kizuri amepewa anayekamuliwa, pumba na mashudu ni vya anayekamuliwa, na huyu mwenye mimba amefungwa nje kwenye mnazi. Kivuli cha mnazi kila mtu anakijua, kinahama na jua. Siku moja nilimwuliza bibi mmoja kama tunaweza kumsogeza ndani. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu daktari, huyu hanipi hata kikombe. Kivuli cha nini?" Ilikuwa hesabu ya haki kabisa kwa mtu mwenye banda la ng'ombe mmoja. Ila nilipokuwa nikirudi kwa watu kama yeye baada ya ng'ombe kuzaa, nilikuwa nasikia lalamiko lile lile: mwaka huu maziwa ni machache kuliko mzao uliopita. Wakalaumu mbegu ya dume, wakalaumu majani, wengine wakamlaumu mhimilishaji, yule anayewapandikiza ng'ombe mbegu, ambaye ni mimi.

Nikaanza kuandika. Nani alikaushwa msimu gani, alifungwa wapi, mchana anahema mara ngapi, na akishazaa stakabadhi za kituo cha maziwa zinasema lita ngapi. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, na mwenyewe nilijua halithibitishi kitu: wanyama wachache, damu zimechanganyika kila mmoja kivyake, chakula hakifanani. Lakini lilinipa sababu ya kutafuta kama kuna mtu duniani aliyekwisha kuliuliza jambo hili.

Alikuwepo. Nikiwa na simu na kifurushi cha intaneti cha usiku nilikutana na majaribio ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Gainesville, waliogawa ng'ombe waliokaushwa makundi mawili: kundi moja wamewekewa feni na vinyunyizio vya maji, kundi la pili kivuli peke yake. Baada ya kuzaa wote walipoozwa sawasawa. Hata hivyo, katika jaribio lililotolewa mwaka 2011, wale waliopata joto wakati wamekaushwa walitoa maziwa pungufu kwa karibu kilo 5 kila siku. Sababu iko ndani ya kiwele: wiki za mwisho kabla ya kuzaa ndipo chembe za kutengeneza maziwa zinapoongezeka, na joto linalipunguza ongezeko hilo. Ndama wao pia walizaliwa na uzito mdogo. Nilisoma usiku ule nikiwa nimekaa kitandani, nikamfikiria yule ng'ombe wa bibi kwenye mnazi.

Ila wale walikuwa Holstein halisi, ndugu wa Friesian, wanalishwa mpaka wanasaza. Zebu ana ngozi yenye tezi za jasho kubwa zaidi, manyoya mafupi yanayong'aa, na mwili wake unazalisha joto kidogo kwa sababu hata shughuli za ndani anaziendesha taratibu. Chotara aliyechukua nusu kwa zebu anaumia kiasi gani anapokaushwa juani? Na bila umeme wa feni, paa la makuti lingerudisha sehemu gani ya hasara hiyo? Hilo ndilo swali nililoombea shule, na kila kitu kilichofuata kwenye maombi, kuanzia barua pepe ya kwanza hadi usaili, kilitoka humo.

Barua pepe kwa profesa ndipo watu wengi wanapoishia. Huku kwetu tumezoea kuomba kwa kujishusha: heshima nyingi mwanzoni, historia ya maisha, shida za nyumbani, kisha ombi la ufadhili. Nimeonyeshwa nyingi za namna hiyo na vijana wanaotaka nizisahihishe, na zote zingeweza kutumwa kwa profesa wa udongo au wa uhasibu bila kubadilisha neno. Mtu anayepokea barua za aina hiyo kila asubuhi hawezi kukutofautisha na jirani yako. Yangu ilikuwa fupi, haikujaza hata skrini ya simu. Nilisema mimi ni nani na niko wapi kwa sentensi mbili. Nikaeleza ng'ombe aliyekaushwa anavyofugwa Muheza na ninachokiona akishazaa. Nikataja kipimo kimoja kwenye makala yao ambacho nisingeweza kukifanya bandani kwa mfugaji mdogo, nikauliza kama wangeona kingine kinaweza kushika nafasi yake. Mwisho nikauliza kama mwakani wanapokea mwanafunzi mpya. Transkripti na wasifu niliviambatisha bila kuvisemea sana.

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Marekani, kwenye masomo ya maabara kama haya, mara nyingi hudahiliwi na chuo tu; unadahiliwa na mtu mwenye mradi, mwenye fedha ya kukulipa uwe msaidizi wake wa utafiti. Asipokuwa na fedha mwaka huo, maombi yako yanaweza kuwa mazuri kiasi gani na bado yasifike popote, na wewe umeshalipia ada ya maombi. Kwa hiyo nawaambia wadogo zangu waandike Agosti au Septemba, kwa sababu maombi mengi yanafungwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Uholanzi utaratibu ni tofauti: Wageningen, kwa mfano, unaomba programu ya miaka miwili, unasoma kozi kwanza, kisha unachagua kikundi cha kufanyia tasnifu, na ufadhili unautafuta mlango mwingine. Ukiwaandikia wa huko kama unavyowaandikia wa Marekani utajibiwa kwa adabu kwamba tafadhali pitia ofisi ya udahili.

Wengi hawakunijibu kabisa. Walionijibu, baadhi walisema hawana nafasi lakini wakanielekeza kwa mwenzao. Mmoja aliniandikia maswali badala ya jibu: una ng'ombe wangapi kwenye daftari, nani alipima, saa ngapi, na kipimajoto ulikilinganisha na kingine? Nikajua huyu ameisoma.

Hapa niseme kitu kinachonigusa sana. Tunapotaja fiziolojia ya wanyama macho yanaenda ng'ambo moja kwa moja, kana kwamba sayansi hii ililetwa kwa meli. Sehemu ya wanachofundishwa wanafunzi wa huko kuhusu wanyama na joto ilipimwa hapa. C. Richard Taylor wa Harvard alikuja Muguga, nje kidogo ya Nairobi, miaka ya 1960, akapima pofu na choroa wanavyoacha joto la mwili lipande mchana ili wasipoteze maji kwa jasho, kisha wakalitoa usiku kukiwa na ubaridi. Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Mkenya, alifanya kazi kwa miongo juu ya wanyama wa ukame, na jina lake limo kwenye makala ya mwaka 1989 iliyoonyesha kwamba perege wa Ziwa Magadi, anayeishi kwenye maji ya magadi makali ambamo samaki wa kawaida hawezi kutoa amonia yake, anatoa uchafu huo kwa njia ya urea kama sisi watu. Mpwapwa, wilaya jirani na kwetu, wamezalisha aina yao ya ng'ombe kwa kuchanganya damu za Sahiwal, Red Sindhi, Boran, zebu wa asili na kidogo ya Ulaya, wakitafuta maziwa kwa mnyama anayestahimili ukame. Nilikuwa napita pale kwenye basi nikiwa mtoto. Nairobi niliiweka kwenye orodha yangu kwa moyo mmoja, na ningeenda bila kusita kama mambo yangekaa hivyo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeandika barua kwa profesa wa ng'ambo asiandike kama mtu anayetoka mahali pasipo na kitu.

Sasa kuna jambo la makaratasi ambalo limewakatisha tamaa wengi, na naomba mlisome kwa makini. Vyuo vingi vya Marekani vinataka shahada ya kwanza ya miaka minne. Ya sayansi ya wanyama SUA ni miaka mitatu. Nilimwandikia karani mmoja wa udahili akanijibu kwamba sina sifa, basi. Niliumia siku nzima. Kisha nikakaa na kalamu: shule ya msingi miaka 7, sekondari 4, kidato cha tano na sita 2, chuo 3. Jumla 16. Mwanafunzi wa Marekani anasoma miaka 12 kabla ya chuo, na chuo 4. Jumla 16. Kidato cha tano na sita, ambako nilisoma fizikia, kemia na baiolojia mpaka macho yakawasha, ndiko uliko mwaka unaoonekana umepotea. Nikaiandika hesabu hiyo kwenye barua fupi, nikaambatisha cheti cha kidato cha sita, nikaomba suala langu lipelekwe kwa mkuu wa programu badala ya kuishia kwa karani. Vyuo vingine havikubadilika. Vingine vilikubali, vingine vikataka vyeti vipitiwe na wakala wa kulinganisha elimu za nchi mbalimbali. Usiombe chuo chochote kabla hujaulizia hili, na usikubali jibu la mstari mmoja kutoka kwa mtu asiyejua kidato cha sita ni nini. GPA nayo iandikie kipimo chake kila mahali, 3.8 kwa 5, pamoja na maelezo ya madaraja yetu. Usiigeuze mwenyewe kuwa kipimo cha 4, waachie wao.

Barua za mapendekezo zilinifundisha kuliko nilivyotarajia. Walimu wetu wanatupenda na wanaandika kwa nia njema, lakini barua zetu za kawaida zinasifu tabia: ana nidhamu, ni mtiifu, anashirikiana vizuri na wenzake. Kamati ya udahili inataka kujua mikono yako imefanya nini na kichwa chako kinafanyaje kazi mambo yakiharibika. Nilimwendea mwalimu aliyenisimamia mradi wa mwaka wa tatu, uliohusu kuku wa nyama na maji ya kunywa wakati wa joto. Nikamsalimu, nikakaa, nikamweleza swali langu la ng'ombe kabla ya kutaja barua. Tulizungumza mpaka akaanza kuchora grafu nyuma ya karatasi ya mtihani. Hapo ndipo nilipomkabidhi ukurasa mmoja wa kumbukumbu: tulifanya nini, kifaa gani kilikufa katikati ya jaribio na tulikibadilishaje, na nilijifunza nini. Barua yake aliiandika mwenyewe na sikuiona. Kwenye usaili ndipo nilipojua kwamba alieleza kile kifaa kilichokufa, kwa sababu waliniuliza.

Mpendekezaji mwingine alikuwa afisa mifugo wa wilaya. Watu wakanishauri nitafute profesa mwenye jina badala yake. Nilikataa, na nafurahi. Profesa aliyekufundisha ukumbini na watu mia mbili hana la kusema juu yako. Huyu alinijua kwenye matope. Kitu kimoja cha kukumbuka: mfumo unampelekea mpendekezaji kiungo kwa barua pepe ya kazini, na mara nyingi kinaangukia kwenye kapu la taka. Mpigie simu, "Shikamoo Profesa, samahani kwa usumbufu, naomba uangalie hata huko kwenye taka," kisha mpigie tena wiki inayofuata. Hakuna aliyenikasirikia kwa hilo.

Mtihani wa Kiingereza niliufanyia Dar es Salaam. Matokeo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usiharakishe kuufanya ukiwa bado hujui unaomba nini. Ule mtihani mwingine wa GRE, wa kupima uwezo wa waombaji wa uzamili, programu nyingi za biolojia zimeuacha tangu mwaka 2020 hivi. Hakikisha kwenye ukurasa wa programu yenyewe kabla hujautolea fedha. Ada za maombi ni dola makumi kadhaa kwa kila chuo, na mshahara wa kata mnaujua. Niliomba kusamehewa kwa barua ya mistari michache kwa kila programu. Baadhi walikubali siku hiyohiyo. Kuna aibu fulani watu wanaiona katika kuomba msamaha wa ada. Mimi sikuiona, fedha ile ilibaki kwa wadogo zangu.

Usaili ulikuwa kwa video, saa mbili usiku ya kwetu, nikiwa ofisini kwa rafiki mwenye mtandao wa uhakika mjini Tanga. Nilikuwa nimejiandaa kueleza ndoto zangu. Hawakuziuliza. Waliuliza hivi: ng'ombe mwenye joto anakula kidogo, sasa utajuaje kwamba maziwa yamepungua kwa sababu ya joto lenyewe na si kwa sababu ya njaa? Ni swali zuri sana, ndilo swali la fani yote. Majaribio ya Arizona yaliwahi kulijibu kwa ng'ombe wanaokamuliwa: walichukua wanyama waliopoa wakawapa chakula kilekile kidogo ambacho wenye joto waliweza kula. Maziwa yao yalipungua, lakini kwa karibu nusu tu ya yale waliyopoteza wenye joto. Iliyobaki ni joto linalobadilisha namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Nikaeleza hivyo, nikasema Muheza siwezi kumpangia mfugaji chakula cha ng'ombe wake kwa kipimo hicho, ila naweza kupima majani yanayoingia na masazo yanayotoka kwa mizani ya kuning'iniza, kila siku, nikaliingiza hilo kwenye hesabu. Profesa akaniuliza hesabu hizo nitazifanya kwa kutumia programu gani. Nilikuwa nimeanza kujifunza R, programu ya takwimu isiyolipiwa, kwa kutumia namba za daftari langu. Nikafungua skrini nikamwonyesha grafu yangu ya kwanza, isiyopendeza, ya mihemo kwa saa za siku. Tuliizungumzia muda uliobaki wote.

Nyumbani mjomba ndiye aliyekuwa na shaka. "Una kazi ya serikali, mwanangu. Watu wanaitafuta hiyo. Ukasomee ng'ombe tena, si ulishasomea?" Sikumjibu kwa maneno makubwa. Nilimwuliza, katika ng'ombe wake, ni yupi anayempa kivuli kwanza. Akasema anayenyonyesha. Nikamweleza habari ya kiwele kinachojengwa kabla ya kuzaa. Alinyamaza, halafu akauliza kama na mbuzi ni hivyohivyo. Mama alicheka akasema, "Mwache aende, tayari ameshakupa kazi."

Nilipata nafasi mbili zenye fedha. Moja ilikuwa na posho kubwa zaidi lakini mradi wa kuku wa mayai. Nyingine posho ndogo, na msimamizi yule aliyeniuliza kuhusu kipimajoto. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwombaji aliyeahidiwa fedha asilazimishwe kuamua kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo nilipata muda wa kuongea na wanafunzi wa maabara zote mbili, bila wasimamizi wao kuwepo. Niliwauliza wanakaa miaka mingapi, nani analipia bima, na msimamizi anafanyaje jaribio likishindwa. Nikachagua ya ng'ombe. Ile nyingine niliwaandikia siku hiyohiyo kuiachia nafasi, maana kuna mtu alikuwa anaisubiri.

Fomu ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha udahili kwa ajili ya viza, ilipofika nililipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, nikapanga miadi ya viza. Msimamizi amekubali kwamba mwaka wa pili nirudi kupima Muheza, makundi mawili ya ng'ombe waliokaushwa, wengine chini ya paa la makuti na wengine kama wanavyofugwa sasa, na vipimo vya damu vifanyike Morogoro badala ya kusafirishwa. Maombi ya kibali cha utafiti kutoka COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, nimeanza kuyaandaa mapema, pamoja na ya kamati ya ustawi wa wanyama ya chuo, ambayo inataka nieleze mnyama akizidiwa na joto katikati ya jaribio nitamtoa kwenye kundi lake saa ngapi na kwa kigezo gani. Nimeandika nyuzi 40.5 au mihemo 100, kimojawapo kikitangulia, na mfugaji awe na haki ya kumtoa wakati wowote bila kuniuliza. Yule bibi amesema nianze na wa kwake.